Kidole cha Mbega

Kazini walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na hakuna aliyekumbuka ni nani alianza. Alikuwa mchoraji wa stempu katika idara ya posta, mtu wa miaka hamsini na tisa, mwembamba kama kalamu zake. Katika miaka thelathini na moja ya kazi hiyo hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitini kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Alichora akiwa amesimama. Alikula akiwa dirishani. Akipigiwa simu aliichukua na kuanza kutembea nayo, na aliyepiga akawa anasikia milango ikifunguka na kufungwa mpaka akauliza, "Kwani uko wapi wewe?"

Kabla ya brashi alikuwa mpeleka barua, miaka kumi kwa miguu, begi begani. Siku moja alitakiwa aeleze kwa maandishi kwa nini kifurushi fulani hakikumfikia mwenyewe. Maneno yalimshinda. Nyuma ya fomu akamchora mbwa wa nyumba ile. Mkuu wa wakati huo alipoigeuza fomu alisogeza kiti nyuma kidogo, akakaa akimtazama yule mbwa, kisha akasema, "Huyu mtu anafanya nini barabarani?" Wiki iliyofuata Kiguu alipewa meza karibu na chumba cha mitambo, na meza hiyo akaigeuza kuwa mahali pa kuegemea tu.

Mnyama wa stempu hachorwi kwa ukubwa wa ukucha. Huchorwa kwenye kadi ngumu, mara sita ya ukubwa wake, kisha mashine humpunguza. Kwa hiyo kila kosa hupungua pamoja naye, lakini halipotei. Kiguu alilijua hilo, na kwa kuwa wanyama hawaji ofisini kupigwa picha, alikuwa na namna yake ya kufanya kazi: alichukua miili ya watu wake. Korongo wa seti ya ndege wa ziwani alisimama kwa miguu ya shemeji yake. Jicho la tembo lilikuwa la mama mkwe, naye alilitambua mwenyewe dirishani posta na hakusema naye mwezi mzima. Twiga, yule wa bei ndogo ambaye watu walimbandika kwenye bahasha kwa miaka mingi, alikuwa na shingo ya mkewe anapogeuka kuitikia wito. Mke alikwisha fariki. Twiga bado alikuwa akigeuka.

Sasa zilibaki wiki sita astaafu, na seti yake ya mwisho iliitwa Jamaa wa Mitini: tumbili, nyani, sokwe na mbega. Stempu tatu za kwanza hazikumpa taabu. Mbega ndiye aliyempenda, na ndiye aliyemsumbua, kwa kuwa picha aliyopewa ilimwonyesha amejikunyata, mikono yote imezama katika lile vazi lake la manyoya meupe. Kiguu hakumtaka mbega aliyekaa. Alimtaka anayevuka, mkono mmoja kwenye tawi na mwili mzima hewani.

Basi akamwomba dada yake.

Dada yake alimzidi miaka saba. Alikuwa mkunga wa hospitali mpaka alipostaafu, na tangu msiba wa shemeji alihamia kwa mdogo wake, akaleta sufuria zake, redio yake na mdomo wake. Kiguu alifunga mpini wa ufagio juu ya mlango wa jikoni, dada akaning'inia hapo kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga sufuria.

"Nishike mpaka lini? Huyu mbega wako hana kazi nyingine?"

"Usitikisike, Dada."

"Anayetikisika ni wewe. Mimi nimeshika."

Ulitoka mkono mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Ulikuwa na nguvu na huruma, na kidole gumba kimekaza tawi kwa upande wa chini kama kinavyokaza cha mtu ambaye maisha yake yote ameshika vitu visivyotakiwa kuanguka. Dada alipoona sampuli ya chapa alikaa nayo asubuhi nzima. Baada ya hapo mtaa mzima ulijua. "Mkono huu," aliwaambia majirani, akiuinua, "umepokea watoto elfu na ushee. Sasa unaingia kwenye stempu."

Jumapili kabla ya Jumatano ya kuchapa, Kiguu aliamka na miguu yake ikitaka kwenda mahali. Akatia sampuli kwenye bahasha, akatembea mpaka msitu ulioko nyuma ya matangi ya maji, mwisho wa mji. Mlinzi wa msitu alikuwa mtu wa makamo mwenye darubini kuukuu shingoni na kijiti mdomoni. Walifahamiana kwa salamu. Kiguu alimpa sampuli kama mtu anavyompa mwenzake mtoto amshike.

"Ahaa," mlinzi akasema. "Tumbili mwenyewe huyu. Huyu nyani namjua, jana aliniibia mkate. Sokwe hatunaye hapa, lakini sura yake ni ya mtu mwenye madaraka." Akacheka. Akafika kwa mbega, akahamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. "Bwana wangu. Kidole gumba huyu kakiazima kwa nani?"

"Nani?"

"Mbega. Mbega hana kidole gumba."

"Hana vipi?"

"Hana kama mimi nisivyo na mkia. Ana vinne. Mahali pa cha tano pana kinundu kidogo tu. Subiri, usiniamini mimi." Akaivua darubini shingoni mwake, akamvisha Kiguu.

Wakasubiri. Kiguu kusubiri kulimwia vigumu. Alizunguka mti, akarudi, akazunguka tena. Mwishowe matawi ya juu yalitikisika na mbega watatu wakavuka, weusi na weupe, wakijitupa kana kwamba hewa ni kitu cha kukanyagwa. Wa tatu alisimama kidogo. Aliuning'iniza mkono wake kwenye tawi, hakulikamata. Vidole vinne, virefu, vimepinda kama ndoana. Kisha akaachia, akaenda.

"Umeona?"

Kiguu aliona. Alikuwa ameona mbega mara nyingi maishani, kwa mbali, mikono ikiwa majanini, na kila mara kichwa chake kilikuwa kimemmalizia mkono kwa vidole vitano bila kumuuliza.

"Wanachapa lini?"

"Jumatano."

"Basi una kazi," mlinzi akasema, na kwa upole akaichukua darubini yake.

Alirudi mjini kwa miguu. Aliipita nyumba yake, akafika kona, akageuka, akaipita tena. Dada alimwona dirishani mara zote mbili, na mara ya tatu alimfungulia mlango. "Ingia, utamaliza barabara."

Alimweleza akizunguka meza. Dada alisikiliza akichambua mchele, na alipomaliza hakushangaa hata kidogo.

"Si ndiyo ile hadithi ya Bibi," akasema.

"Hadithi gani?"

"Ya mfinyanzi. Wanyama wa mitini hawakuwa na mikono, wakaenda kwa mfinyanzi awafinyangie. Tumbili akasubiri, akapata vitano. Nyani akasubiri, akapata vitano, vinene. Mbega alipofikiwa, kimoja, viwili, vitatu, vinne, akasikia harufu ya majani machanga huko juu. Mfinyanzi anamwambia ngoja, bado kimoja. Mbega anajibu, hivi vinanitosha! Keshapanda. Mfinyanzi akabaki chini ameshika kidole, hajui akiweke wapi."

"Sijawahi kuisikia."

"Utaisikia saa ngapi? Bibi akisema tu 'mikono', wewe uko juu ya ukuta wa jirani. Hakuna hadithi ya Bibi uliyofika nayo mwisho. Hata moja."

Kiguu alisimama. Kisha akauliza lile lililokuwa likimchoma tangu msituni. "Sasa Dada, kama ulijua, mbona hukuniambia? Uliishika ile sampuli asubuhi nzima."

Dada alizungusha mchele kwenye ungo, hakuinua uso. "Niliangalia mkono wangu," akasema. "Mbega sikumwangalia."

Nje, jirani aliita salamu, akauliza stempu ya mkono inatoka lini, na dada, kwa mara ya kwanza tangu sampuli itoke, alijibu kwa mkato.

"Utasema kazini?" akamuuliza mdogo wake.

"Nikisema watamtoa. Mkuu ana picha ya jengo jipya la posta, anaitafutia nafasi tangu mwaka jana. Seti yangu ya mwisho itakuwa tumbili, nyani, sokwe na jengo."

"Basi nyamaza."

"Siwezi. Seti hii inakwenda na kijitabu cha shule. Watoto watamchora hivyo hivyo."

"Basi sema."

"Siwezi."

"Basi kaa chini kwanza."

"Hilo ndilo siwezi kabisa."

Jumatatu aliupita mlango wa Mkuu wa idara mara saba. Mkuu alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwenye adabu na haraka, na mara ya saba alitoka mwenyewe. "Mzee, unatafuta kitu?" Kiguu akasema hapana, anapita tu. "Habari njema," Mkuu akasema. "Huko juu wamempenda mbega kuliko wote. Wanasema ana mkono unaoongea." Kiguu akashukuru, akaenda chooni, akafungua bomba, akayatazama maji.

Siku hiyo kila alikoangalia aliona vidole gumba. Karani wa dirishani alilowesha stempu kwenye sifongo na kuikandamiza kwa kidole gumba. Mteja alihesabu vifurushi vyake kwa kidole gumba. Alishuka mpaka kaunta, akapanda, akashuka. Miaka thelathini na moja hakuna stempu yake iliyowahi kurudishwa. Wengine walikuwa wamekosea rangi za bendera, wengine walimnyima pundamilia mistari ya miguuni. Yeye hapana. Yeye aliwaambia vijana wapya, kwa sauti ya mtu asiyejua kesho, kwamba mchoraji wa stempu humwekea mtu uongo mfukoni au ukweli mfukoni, na mtu mwenyewe hajui kipi. Sasa sentensi ile ilimfuata ngazini.

Jumanne asubuhi aliingia kwa Mkuu bila kubisha hodi, kwa sababu alijua akisimama kubisha, miguu itampeleka kwingine.

Mkuu alichukua lenzi, akamwangalia mbega. Akaangalia tena. "Mzee, hii itakuwa ndogo kama ukucha. Nani atahesabu vidole vya mbega?"

"Mimi nimehesabu."

"Umehesabu baada ya kuambiwa."

Lilimwingia. Lakini lilikuwa kweli, na kwa namna fulani lilimsaidia, maana hakuwa tena na heshima ya kulinda. "Ndiyo," akasema. "Nimeambiwa na mlinzi wa msitu, na bibi yangu alijaribu kuniambia nikiwa na miaka sita. Sasa nakuambia wewe."

Mkuu aliweka lenzi chini. Alikuwa ameweka saini yake kwenye sampuli ile, na Kiguu alimwona akiitazama saini, si mbega. "Mitambo inaanza kesho saa mbili. Siwezi kuisogeza. Ama anakwenda na kidole chake, ama anatoka, naweka jengo. Jengo halina vidole."

"Nipe mpaka kesho mchana."

"Si mimi wa kukupa. Muulize Wino."

Wino ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa mitambo, mtu mnene, kucha zake hazijapata kuwa safi tangu ujana. Aliitwa, akaja akijifuta kwa kitambaa, akasikiliza. Alikuwa amefanya kazi ukuta mmoja na Kiguu miaka yote hiyo, na miaka yote hiyo alikuwa akilalamika kwamba nyayo zake zinamharibia hesabu za karatasi.

"Naanza na tumbili," akasema hatimaye. "Halafu nyani, halafu sokwe. Mbega wa mwisho. Mchoro uwe mezani kwangu saa saba kamili. Saa saba na dakika moja, naingiza jengo, na tusigombane."

Mchana ule Kiguu alidhani kazi itakuwa rahisi: kwangua kidole, funika kwa manyoya, basi. Alichukua wembe mwembamba, akakwangua. Kilichobaki kilikuwa mkono wa mtu aliyekatwa kidole. Mkono mzima ulikuwa umejengwa kukizunguka. Kifundo kilikunjika kwa ajili yake, kiwiko kilipinda kwa ajili yake, hata bega lilijua kwamba huko mbele kuna kidole kinachokaza. Ukikitoa, mnyama mzima anaanguka. Ilimbidi amchore upya kuanzia begani, na hakujua mkono usiokamata unabebaje mwili.

Jumatano saa tatu asubuhi, dada yake, aliyeambiwa yote usiku, alifika getini amevaa viatu vyake vya hospitali.

"Mama, unamfuata nani?" askari akamuuliza.

"Simfuati mtu. Nimekuja kuwa mbega."

Askari alimtazama, akamtazama tena, kisha kwenye daftari la wageni, safu ya shughuli, akaandika: mbega.

Chumbani, dada alitoa bandeji mkobani. Alikikunja kidole gumba ndani ya kiganja, akakifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto na meno, akashika nondo ya dirisha. Upande wa pili wa ukuta mtambo ulikuwa ukimchapa tumbili, haraka haraka, kama mvua juu ya bati.

"Hivyo sivyo," Kiguu akasema, akipita nyuma yake. "Unakamata."

"Nimekamata miaka arobaini, niache leo?"

"Mbega hakamati. Anaweka tu mkono."

Alijaribu. Akateleza. Akajaribu tena. Kidole kilichofungwa kilikuwa kikichomoka kila mara kwenda kuwasaidia wenzake, naye akikirudisha na kukikemea kama alivyowakemea wazazi wanaosukuma kabla ya wakati. Kiguu alichana kadi ya kwanza. Mtambo ulibadilisha sauti. Nyani alikuwa ameingia. Alichana ya pili. Saa tano dada alifungua bandeji yote, akaifunga upya, safari hii kwa nguvu, akavuta fundo kwa meno mpaka uso ukamkunjamana.

"Sasa hakitoki," akasema. Akainua mkono, akaviweka vidole vinne juu ya nondo, akaacha kujishikilia. Uzito wote ukashuka begani. Ubavu ukarefuka. Shingo ikalegea. Hakuwa ameshika kitu chochote. Alikuwa ametundikwa kwenye mkono wake mwenyewe, na mwili ulionekana tayari kuondoka.

"Hapo," Kiguu akasema. "Hapo, hapo, Dada, hapo hapo."

Alichora akitembea, hatua mbili kulia, mstari, hatua mbili kushoto, mstari. Mara moja alikanyaga kikombe. Dada alisema mkono unakufa ganzi, akajibiwa kidogo tu. Akasema tena, akajibiwa kidogo tu. Sauti ya ukutani ikawa nzito. Sokwe. Wino alichungulia mlangoni, akaonyesha saa yake ya mkononi, akatoweka. Kiguu aliweka weusi, akaacha kadi yenyewe iwe weupe wa vazi, akavuta vidole: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Brashi ilikwenda yenyewe kwa cha tano. Aliirudisha hewani, akaipangusa.

Saa saba kasoro dakika nne alitoka mbio na kadi mikononi, rangi haijakauka vizuri.

Wino aliilaza chini ya taa yake, akainama na lenzi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Mkuu alishuka ngazi, akahesabu naye, akaweka saini mpya, na kusema kwamba jengo litapata siku yake. Kiguu hakuweza kusimama pale wakati wa kutengeneza sahani ya chapa. Alitembea ukumbini kutoka mwisho hadi mwisho, akatoka uani, akaingia, akamuuliza Wino kama yuko tayari, akafukuzwa, akatoka uani tena. Ilipita karibu saa moja nzima kabla hajakumbuka kwamba amemwacha mtu dirishani.

Dada yake alikuwa amekaa kwenye kile kiti ambacho hakijawahi kukaliwa, mkono pajani. Alikuwa akihangaika na fundo kwa mkono wa kushoto na kwa meno, na fundo lilikuwa limezidi kukaza.

"Umenisahau."

"Nimekusahau, Dada. Nisamehe."

"Fungua."

Alipiga magoti, akalifungua kwa ncha ya wembe, taratibu, bandeji ikaanguka mzunguko baada ya mzunguko. Kidole kilikuwa cheupe na baridi, kimelala kiganjani kama si chake. Akakichukua katikati ya viganja vyake, akaanza kukisugua. Upande wa pili wa ukuta kukawa kimya, kisha mtambo ukakohoa, ukaanza. Karatasi ya kwanza ya mbega ilikuwa ikitoka. Miguu yake ilijua hivyo. Goti moja lilikwisha nyanyuka.

"Nenda kaone," dada akasema.

"Kinarudi?"

"Bado. Nenda."

Hakwenda. Alisugua, akapuliza pumzi ya moto, akasugua tena, na karatasi zilipita moja baada ya nyingine upande ule wa ukuta bila yeye kuziona. Dada alikuwa amefumba macho, akisikiliza, kama alivyosikiliza zamani kifua cha mtoto ambaye hajalia.

Mara akashtuka, akakunja uso.

"Haya," akasema. "Siafu hao kidoleni. Kinarudi."